Juu ya Linta

Watu wa mtaa ule walikuwa wameipa nyumba jina la Bado, kwa sababu kila aliyemuuliza mwenyewe, "Vipi, imekwisha?" alijibiwa neno hilohilo. Bado. Ilikaa bila paa mpaka majani yakaota chumbani na kuku wa jirani wakapata mahali pa kutagia bila bughudha. Mwenye nyumba, fundi wa majokofu ambaye kila mtu alimwita Barafu, akawa anapita pale amegeuza uso upande wa pili wa njia, kama mtu aliyenuniana nayo.

Alasiri hii haikuwa Bado tena. Fundi cherehani aliyeitwa Pazia alisimama juu ya ngazi ya mbao sebuleni, akiingiza bomba la pazia kwenye ndoano zake, na kila alipogeuza shingo aliona kitu kilichokwisha. Sakafu ilikuwa imekwisha. Milango ilikuwa imesimamishwa na ilifungwa bila kulia. Dari lilikuwa jeupe, na bomba la bafuni lilikuwa linatoa maji badala ya upepo. Tangu aanze kushona mapazia, na jina alilipata huko, alikuwa ameingia nyumba za watu wengi na kutoka, futi ya kupimia shingoni, lakini hajawahi kutundika pazia ambalo asubuhi angelifungua yeye mwenyewe. Ndiyo maana leo alikuwa anaimba, na sauti yake ilikuwa mbaya, na hakujali.

Tuseme ukweli mapema, asije mtu akasema kafichwa. Nyumba ile ilianzwa na mwanamke mwingine. Aliitwa Kisoda, mke wa Barafu, mfupi mwenye kicheko kikubwa, na yeye ndiye aliyechagua kiwanja, akasimama juani msingi ukichimbwa, akawabebea mafundi maji kuta zikipanda. Alikuwepo mpaka siku ya linta. Linta ni ule mkanda wa zege unaozunguka nyumba juu ya milango na madirisha, na mafundi wana utani wao kwamba nyumba ikishamwagiwa linta imevaa mkanda, kilichobaki ni kofia. Basi nyumba ikavaa mkanda, Kisoda akaanza kukohoa. Kofia hakuiona.

Miaka ikapita, majani yakaota. Kisha Barafu akaitwa kutengeneza friji ya duka lililo jirani na cherehani ya Pazia, na friji ile ikaanza kuharibika mara nyingi kuliko desturi ya friji. Mwenye duka alilalamika, Barafu akaendelea kuja. Siku moja walipita pamoja mbele ya nyumba, mvua ilikuwa imetoka kunyesha, maji yamesimama vyumbani.

"Nyumba yako inalowa," Pazia alimwambia.

"Bado."

"Bado nini? Unamsubiri nani aje kuiezeka?"

Mwezi uleule mbao za paa zilipanda, na Pazia ndiye aliyechagua rangi ya bati, akasimama chini na kupiga kelele kila lilipokaa upande. Likafuata dari, likafuata yote mengine. Kwa hiyo alikuwa amejiwekea mpaka moyoni mwake, hakumwambia mtu. Chini ya linta ni kwa Kisoda, juu ya linta ni kwangu. Hakuwa na wivu. Mtu haonei wivu msingi.

Aliyekuwa na maneno ni shangazi yake, aliyemlea.

"Mgane si kitu," shangazi alisema, "wagane wanaoa kila siku. Lakini mgane anayeishi na mama wa marehemu? Hapo mwanangu huolewi na mtu, unaolewa na msiba."

Maana Barafu alikuwa amemwahidi Kisoda kwamba mama yake hatabaki peke yake, na ahadi hiyo aliitimiza. Bibi huyo alikuwa na mtoto mmoja tu duniani, akamzika, na sasa alikuwa na chumba chake nyuma ya nyumba, chenye dirisha alilolichagua mwenyewe. Alimwita Pazia "fundi" tu, kwa adabu, wala hakupata kumwita kwa jina jingine.

Shangazi alibishiwa, akabembelezwa, akakubali nusu. "Siku nyumba itakapokwisha yote, kila ukuta, nitakuja kuiona, na posa nitaipokea. Nyumba isiyokwisha ina mtu mwingine ndani yake."

Kila ukuta. Na ulikuwa umebaki ukuta mmoja.

Ulikuwa ukuta wa jikoni, chini ya dirisha, mahali pa kujengwa kaunta ya sinki. Nyumba nzima ilipigwa plasta, kipande kile kikabaki tofali tupu, kwa sababu kila fundi wa plasta alipokikaribia na mwiko wake Barafu alisema, "Pale pasubiri." Pasubiri nini, hakusema. Pazia alidhani ni mambo ya mabomba.

Wiki hii Barafu alikuwa amesafiri kutengeneza vyumba vya baridi vya hoteli, mji wa mbali, na shangazi alikuwa anakuja Jumapili. Juzi fundi wa plasta alikuja kumalizia kibaraza, mchanganyiko ukabaki, akauliza, "Dada, na kule jikoni?" Pazia akaenda kuangalia. Kwenye tofali palikuwa na mstari wa penseli, umelala, umefifia. Kwa mazoea tu akavuta futi yake akaupima kutoka sakafuni, inchi thelathini na mbili. Akadhani ni alama ya fundi wa kaunta, akacheka moyoni, maana yeye ni mrefu na kwenye kaunta ile angeosha vyombo kama anayetafuta sindano iliyoanguka. Tutapima upya, akajisemea. Kwa fundi cherehani mstari huwekwa ili nguo ishonwe, ikishashonwa mstari unapanguswa.

Hata hivyo aliuliza. Bibi alikuwa amekaa mlangoni pa jikoni, ungo mapajani, anachambua mchele.

"Mama, ukuta huu Barafu alisema usubiri nini?"

Bibi aliutazama ukuta muda mrefu, kisha akarudisha macho kwenye ungo.

"Sijui," alisema. "Pigeni tu. Funika."

Neno hilo la mwisho Pazia hakulitilia maanani siku ile.

"Hodi kwa wenye nyumba."

Pazia, juu ya ngazi yake sebuleni, nusura aanguke nayo. Barafu alikuwa amesimama mlangoni, begi begani, vumbi la safari mpaka kwenye nyusi.

"Mwenyewe hayupo," Pazia alimjibu bila kushuka. "Amesafiri."

"Akirudi mwambieni kuna mtu anamtafuta. Mrefu kidogo, mzuri sana, ana njaa."

"Huyo tunamjua. Mrefu kidogo ni kweli. Hayo mengine kajiongezea njiani."

Barafu aliweka begi chini, akaja kuishika ngazi, mikono yote miwili, akainua uso. Alikuwa na namna ya kumtazama iliyomfanya Pazia asahau alichokuwa anakifanya mkononi, na sasa alikisahau, pazia likaning'inia upande mmoja.

"Shuka nikuone."

"Nione kutoka hapo hapo."

"Wiki nzima nimekuona kwenye dari la nyumba ya wageni. Nimechoka kukuona juu. Shuka."

Akashuka. Walisimama karibu, hawakugusana, maana ungo wa Bibi ulikuwa unasikika jikoni, chwa, chwa. Barafu aliondoa uzi uliokuwa umenasa kwenye nywele zake, akauviringisha kidoleni, akauweka mfukoni mwa shati. Alifanya hivyo kila alipouona uzi, na Pazia aliwahi kumuuliza kama anashona nguo ya siri.

"Njoo uone," alimwambia, akamshika mkono.

Alimpitisha chumba kwa chumba. Barafu alifungua milango na kuifunga, akawasha taa mchana, akakanyaga sakafu kwa kisigino, akasema, "Enhe," na "Hii sasa ni nyumba," na mara moja akasimama katikati ya chumba kikubwa na kusema taratibu, "Jumapili shangazi yako atakosa pa kusonya."

"Shangazi hakosi. Ataangalia chini ya mkeka."

"Hatuna mkeka."

"Atauliza kwa nini hatuna."

Barafu alicheka, na Pazia akahisi moyo wake umejaa mpaka unabana. Hapo ndipo alipofanya kosa la pili, baada ya lile la plasta. Alimfumba macho kwa viganja, akamsukuma taratibu kutoka nyuma, korido nzima, mpaka jikoni. Bibi aliacha kupepeta.

"Kila ukuta," Pazia alimnong'oneza sikioni. "Haya, fungua."

Hakuuangalia ukuta. Aliuangalia uso wake, kwa sababu furaha ya zawadi iko kwenye uso wa anayepewa, na hivyo akaliona tabasamu la Barafu likifika nusu na kukaa pale, kisha likaondoka.

Barafu alikwenda mpaka chini ya dirisha. Aliweka kiganja kwenye plasta, ambayo ilikuwa imekauka juu lakini bado baridi ndani.

"Palikuwa na mstari hapa," alisema.

"Ule wa penseli? Niliuona. Nikajua ni wa fundi wa kaunta, tena ulikuwa chini mno, nikasema tutapima..."

"Ulikuwa chini kwa sababu yeye alikuwa mfupi."

Hakusema nani.

"Kule tulikokuwa tumepanga chumba," Barafu alisema, bado ameuelekea ukuta, "meza ya jikoni ilikuwa juu. Alikuwa anaosha vyombo amesimama kwenye kreti ya soda. Ndiko lilikotoka jina. Watu wanadhani ni kwa sababu ya kimo. Ni kreti." Akavuta pumzi. "Linta ilipokauka akaja hapa, akakunja mkono, akaniambia, Barafu, weka penseli chini ya kiwiko changu, shuka kiganja kimoja, piga mstari. Kreti haiingii kwenye jiko langu. Nikapiga. Akauangalia mstari ule akacheka, ungedhani nimemchorea bahari. Hakurudi tena hapa. Siku iliyofuata alikuwa kitandani."

Nje mtu alikuwa anaita mbuzi.

"Ungeniambia," Pazia alisema.

"Ningeanzaje?"

"Kwa mdomo."

"Ningekwambia nini? Mpenzi, chukua nyumba yote, lakini niachie ukuta mmoja niwe nakuja kuutazama?"

"Ndiyo. Hivyo hivyo. Ungeniambia hivyo, nami ningeutundikia pazia, asiuguse mtu."

"Ni rahisi kusema sasa."

"Na kwako ilikuwa vigumu kusema kabla. Pasubiri, pasubiri. Nilidhani ni bomba, Barafu. Mimi nilikuwa napigana na shangazi kwa ajili ya ukuta, sijui kama ni kaburi."

Barafu aligeuka. Macho yake yalikuwa mekundu, na ndani yake mlikuwa na kitu ambacho Pazia hakuwahi kukiona kikielekezwa kwake.

"Nani alikwambia upige?"

Swali lilikuwa dogo. Pazia alifungua mdomo, na kabla hajatoa sauti macho yake yakapita bega la Barafu yakafika mlangoni. Bibi alikuwa ameinua uso. Walitazamana. Kisha mzee akashusha macho kwenye mchele, mkono wake ukawa unatafuta mawe yasiyokuwepo, na Pazia akaelewa yote kwa pamoja. Bibi aliujua mstari. Alikuwa ameujua siku zote. Mkono uliokunjwa pale ukutani ulikuwa wa mtoto wake.

Barafu hakuwa mtu wa kumfukuza mzee. Lakini kuna kufukuzwa kwingine, mtu anakusalimia, anakuletea maji, anakuuliza umelalaje, na hakutazami usoni mpaka unakufa. Bibi hakuwa na nyumba nyingine wala mtoto mwingine. Alikuwa na chumba kimoja, dirisha moja na mkwe mmoja.

"Hakuna aliyeniambia," Pazia alisema. "Ni mimi mwenyewe."

"Nilisema pasubiri. Si mara moja."

"Ulisema."

"Ukasubiri nisafiri."

"Barafu."

"Ukasubiri nisafiri, ukamfunika. Ulikuwa unamwonea wivu." Alisema kwa sauti ya chini, na hilo lilikuwa baya zaidi, maana sauti ya juu mtu huweza kusema ni hasira. "Mtu amekufa, Pazia. Hana hata mdomo wa kujitetea. Alikuwa na mstari tu."

Pazia alikuwa na jibu, lilikuwa limesimama kooni na viatu vyake vimevaliwa, angelifungulia tu lingetoka na kumwokoa. Akalimeza. Lilishuka kwa shida, likakaa kifuani.

Barafu alichukua patasi na nyundo kwenye ndoo ya fundi. Akaanza kubandua. Plasta ilitoka vipande vipande, ikamwagika sakafuni ambayo juzi tu Pazia aliipiga deki kwa magoti, na chini yake tofali likatokea, la kijivu, tupu. Barafu alipangusa kwa kiganja, akapuliza, akasogeza uso karibu. Hapakuwa na kitu. Saruji ilikuwa imeinywa penseli. Maji yakimwagika hayazoleki, na huyu alikuwa anayazoa kwa kucha.

Kisha akakaa chini, mgongo ukutani, nyundo mapajani, akalia. Pazia hakuwahi kumwona akilia. Alipiga magoti kwenye vumbi, akaweka mkono begani kwake.

Barafu alilisogeza bega. Kidogo sana, kama mtu anayempisha mwenzake njiani. Sidhani hata yeye mwenyewe alijua kama amelisogeza.

Pazia alijua. Alibaki na mkono wake hewani, akautazama, akaurudisha. Kisha akainuka, akavuta futi kutoka shingoni na chaki kutoka mfuko wa gauni. Alikanyaga ncha ya futi sakafuni, akaipandisha ukutani, pembeni ya pale palipobanduliwa, kwenye plasta iliyobaki nzima. Mikono yake haikutetemeka. Mikono ya kazi ina adabu yake, inangoja kazi iishe.

"Thelathini na mbili," alisema. Akapiga mstari, umelala, mweupe. "Ilikuwa hapa."

Barafu aliinua kichwa. "Ulijuaje?"

"Niliupima kabla. Mimi kila kitu napima, unanicheka kila siku." Alirudia mstari, akaukoleza. "Mwambie fundi wa kaunta asiupandishe hata unywele."

Barafu aliutazama mstari muda mrefu. Hasira ilikuwa imemtoka, alionekana amechoka, kama mgonjwa homa inapomwachia.

"Na wewe?" aliuliza. "Utaosha vyombo umeinama?"

"Mimi sitaosha vyombo hapa."

"Pazia."

"Nitamwambia shangazi asije Jumapili."

"Usiseme hivyo. Nimekasirika tu. Nitatulia."

"Najua utatulia. Barafu haikosi kuyeyuka." Alijaribu kutabasamu, tabasamu likamgomea. "Lakini nikipika hapa, utakuwa unautazama ukuta ulio nyuma yangu. Na mimi nitakuwa nakutazama wewe unavyoutazama. Tutakula chakula kimeungua kila siku."

"Neno lile la wivu nimelifuta. Lilinitoka."

"Halikukutoka. Lilikuwa humo. Neno halitoki mahali ambapo halikuwepo."

"Nakupenda," alisema Barafu, kutoka pale chini, kwenye vumbi.

"Najua. Ndilo linaloniua. Lingekuwa la uongo ningeondoka na hasira yangu, nikafika nyumbani nikala nikalala." Alizungusha futi kidoleni mpaka ikaisha. "Shangazi alisema nyumba isiyokwisha ina mtu mwingine ndani yake. Nilidhani ni maneno ya wazee. Nyumba hii haijaisha, Barafu. Hata ukiipiga plasta mpaka nje barabarani."

Alimngoja asimame. Kama angesimama, pengine habari hii ingekuwa na mwisho mwingine, maana Pazia alikuwa amechoka na alimpenda, na mlango ulikuwa mbali. Barafu alijishika uso kwa mikono miwili. Chini ya mstari wa chaki alionekana mdogo.

Pazia alipita sebuleni. Pazia lile lililobaki upande mmoja lilimkera, akapanda ngazi, akalinyoosha, akashuka. Kazi ya watu haiachwi nusu. Akachukua mfuko wake.

Alikuwa amefika getini aliposikia kandambili zinaburuzwa kwenye kokoto nyuma yake.

"Mwanangu."

Hakugeuka. Alijua Bibi anamwita nani kwa neno hilo, naye hakuwa yule.

"Mwanangu, wewe mrefu. Nakuita wewe."

Pazia akageuka. Bibi alikuwa amesimama, ungo bado mkononi, mchele unamwagika upande mmoja bila yeye kuona.

"Kwa nini hukumwambia?"

"Nimwambie nini, Mama?"

"Usinifanye mtoto. Mimi ndiye niliyesema funika."

"Wewe utabaki naye, Mama. Mimi bado nina pa kwenda."

Bibi aliangalia nyuma, kwenye nyumba, kisha akasogea karibu, na aliposema alisema haraka, kama mtu anayetema kitu kichungu.

"Kila asubuhi nikiingia mle kuchemsha maji nilikuwa namwona. Amekunja mkono. Nikasema basi, mwacheni alale. Hivyo ndivyo nilivyojiambia." Akaitazama tena nyumba. "Lakini nilijua pia huyu akirudi atakasirika. Nikajua atakukasirikia wewe. Sijui, mwanangu. Sijui kama nilitaka kumfunika yule au kukutoa wewe. Nimekaa na ungo huu tangu juzi najiuliza. Nadhani ni vyote viwili."

Pazia angeweza kumchukia, na mtu yeyote mwenye akili asingemlaumu. Alitafuta chuki mle kifuani, kando ya lile jibu alilolimeza, akakuta hakuna nafasi. Akaunyoosha ungo mkononi mwa Bibi, mchele ukaacha kumwagika.

"Nitamwambia," alisema Bibi. "Naenda kumwambia sasa hivi."

"Usimwambie leo. Leo ana msiba."

"Kesho basi."

"Utajua mwenyewe. Lakini ukimwambia, usimwambie ili anifuate. Akinifuata kwa kunionea huruma atarudi amenuna."

Bibi alimshika kiwiko. Mkono wake ulikuwa mkavu, mwepesi, na alimshika pale pale, chini ya kiwiko, kama anayepima.

"Wewe umefanya kazi yote hii," alisema, na sasa machozi yalikuwa yanashuka bila sauti. "Wewe ndiye uliyeifanya ikawa nyumba. Yule ana mstari wake, umemrudishia. Wewe alama yako iko wapi, mwanangu? Umeacha nini humu?"

Pazia aliinua macho. Jua lilikuwa limepiga bati, rangi aliyoichagua yeye, nyekundu iliyoiva, hakuna hata moja lililokaa upande.

"Yangu yote iko juu ya linta, Mama," alisema. "Mvua ikinyesha mtanikumbuka."

Akafungua geti, akalirudisha taratibu lisipige kelele.

Alimwambia shangazi asije, na shangazi, aliyekuwa na maneno kwa kila jambo, safari hii akamwandalia maji ya kuoga tu. Pazia alirudi kwenye cherehani yake. Friji ya duka la jirani haikuharibika tena. Alishona mapazia ya watu, alipima madirisha ya watu, na mtu akimsifu alisema asante.

Mvua ilikuja wiki ile, mchana, wateja wakiwa wamejaa. Ilianza kwa matone makubwa, kisha ikashuka yote, watu wakakimbilia barazani kwake, wakicheka na kujipangusa. Pazia aliinua mguu kutoka kwenye pedeli. Cherehani ikasimama, sindano imezama nusu kwenye kitambaa.

"Vipi fundi, uzi umekatika?" mteja mmoja alimuuliza.

"Hapana," alisema. "Nasikiliza."

Mteja akadhani anasikiliza mvua, akasikiliza naye kidogo, hakusikia cha ajabu. Pazia alikuwa anasikiliza mbali zaidi, mtaa wa pili, ambako mzee mmoja na mwanaume mmoja walikuwa wamekaa ndani, na juu yao maji yalikuwa yanapiga, yanateleza, yanashuka chini, na hakuna hata tone lililowafikia.